Sahani ya Aluel

Malakia, Juba
3 Machi 2008

Dada Kiden,

Natumaini masomo hayajakumaliza. Sisi tupo, na joto la Juba lipo kama ulivyoliacha.

Fomu zimefika. Erifazi, yule dereva wa basi la Kampala, alinikabidhi bahasha mkononi akasema, "Dada yako ameniambia nikiipoteza hii vidole vitaoza." Nilishindwa hata kucheka. Nilisema asante kwa sauti ambayo nadhani hakuisikia. Unanijua.

Nimejaza jina, shule na matokeo. Kwenye mstari wa kozi nimeandika kama ulivyoandika wewe mwaka jana: Shahada ya Ulemavu na Jamii. Nilipomweleza Ami Majak, baba mdogo ninayekaa kwake, aliweka chini glasi yake ya chai. "Ya biniya, binti wewe, unataka kusomea vilema? Kaa pale sokoni asubuhi mpaka jioni, utasoma bure!" Wote mkekani walicheka. Kisha akasema haidhuru, mashirika siku hizi yanaajiri watu wa namna hiyo, na atatia sahihi kwa niaba ya marehemu baba. Umesema mwenyewe kwamba bila sahihi ya mlezi fomu haipokelewi.

Tatizo ni sehemu ya tano. "Je, una ulemavu au ugonjwa wa kudumu? Eleza." Halafu mistari mitatu mitupu. Nimeifunika kwa kitabu nisiione. Kiden, ukiacha wasichana wa bweni letu la shule, wanaojua kwamba naanguka kifafa ni wewe na mama yangu tu, naye yuko Nakuru. Siku aliponipandisha basi aliniambia sikioni, "Watu wa ukoo wasijue, hata mmoja. Wakijua, hakuna nyumba itakayokutaka." Nikiandika, Ami atajua. Nisipoandika, nitakuwa nimeingia kwenye kozi hiyo kwa uongo. Mwisho wa kurudisha ni tarehe 15 Juni.

Vidonge vimebaki hamsini. Navimeza chooni.

Usinipigie kwenye simu ya Ami. Huiweka sauti ya juu na nyumba nzima husikiliza. Andika, tena kwa Kiswahili chetu cha shule. Hapa Ami anasoma Kiarabu, na watoto wanajifunza Kiingereza. Kiswahili hakina mwenyewe nyumba hii.

Mdogo wako,
Nyanut


Kampala
15 Machi 2008

Nyanut wangu,

Wee msichana, unaifunika karatasi kwa kitabu! Itakuuma?

Sehemu ya tano iache mpaka mwisho. Mimi sikuwa na la kuandika pale, kwa hiyo sitajifanya najua uzito wake. Najua tu siku ile bwenini nilipokuwekea sweta chini ya kichwa na kuwafukuza wale waliotaka kukumwagia maji. Ulipoamka, swali lako la kwanza lilikuwa, "Nani ameona?" Hukuuliza kama umeumia. Nimelikumbuka swali hilo sana huku chuoni.

Mwalimu wetu ni mtu mfupi anayetembea kwa magongo na kufundisha kama anayegombana. Wiki ya kwanza nilimsubiri atufundishe magonjwa, nimeshika kalamu. Akasema, "Anayetaka magonjwa aende kwa madaktari. Hapa tunasoma watu wengine wote." Wiki hii ametupa zoezi: kila mmoja achore mahali pa kula nyumbani kwao, aonyeshe nani anakaa wapi. Basi. Nilidhani ni mchezo. Wenzangu wawili walilia wakichora.

Fanya na wewe. Kisha andika ukurasa mmoja ule wa "kwa nini nataka kusoma kozi hii", usiandike kama hotuba ya kanisani.

Vidonge nitavituma Aprili, foleni ya kliniki ikipungua. Nitavifukia ndani ya majani ya chai.

Kiden Lado


Malakia, Juba
28 Machi 2008

Dada Kiden,

Nimechora. Mkeka mkubwa uko uani, na juu yake sinia mbili. Ya kwanza ni ya Ami na wageni wake. Ya pili ni ya Mama Biar, mke wa Ami, pamoja na mimi na watoto. Kila mtu anamega mkate wa kisra, anachovya, mikono inagongana, watoto wanapigwa makofi kwa kuchukua nyama mapema.

Halafu kuna mkeka mdogo ukutani, kando ya mtungi wa maji. Hapo anakaa Aluel. Sijawahi kukutajia Aluel, na sasa naona aibu kwa sababu tunalala chumba kimoja. Ana miaka kumi na mitano. Ni mtoto wa marehemu dada yake Mama Biar, aliletwa kutoka kambi ya Kakuma mwaka juzi. Ana kifafa kama mimi, ila chake kila mtu anakijua. Huanguka karibu kila wiki. Ana sahani yake ya bati, nyekundu, na kikombe chake. Huviosha mwenyewe na kuvianika mbali na vyombo vyetu, kwa sababu wanasema povu lake likimgusa mtu, naye ataanguka. Wageni wakija anaambiwa aingie ndani.

Siku yangu ya kwanza hapa nilitaka kumsaidia kuosha sahani ile. Mama Biar aliniwahi mkono. "Wewe ni msichana wa kusoma. Usijiharibu."

Nikaiacha.

Kiden, mkono wangu unaingia kwenye sinia yao kila siku tangu Januari. Hakuna aliyeugua. Najua jambo hilo kuliko mtu yeyote katika nyumba hii, na sijafungua mdomo.

Maskini Aluel haongei. Mama Biar anasema shule ya kambini ilimkataa. Nadhani kozi yetu ni kwa ajili ya watu kama yeye, wasio na wa kuwasemea. Ndivyo nilivyoandika kwenye ukurasa wangu, nimeuweka humu. Niambie kama ni sawa.

Nyanut


Kampala
9 Aprili 2008

Nyanut,

Ukurasa wako si sawa. Umeandika "wao" mara kumi na moja. Nimehesabu.

Na nina swali, usinune. Umemwambia Aluel kwamba kuna dawa? Wewe unameza kidonge kimoja kwa siku na una miezi minane hujaanguka. Yeye anaanguka kila wiki, mnalala chumba kimoja. Sisemi umpe vyako, hapana, dawa hizo hupimwa na daktari kwa kila mtu. Ila hapo Juba kuna kliniki. Anajua?

Mwalimu wetu angekuuliza hivi: mkeka ule mdogo, nani aliutandika hapo mara ya kwanza? Na nani anautandika sasa?

Vidonge vyako nitampa Erifazi safari yake ijayo. Usikose hata siku moja.

Nakupenda hata nikikuudhi.

Kiden


Malakia, Juba
27 Aprili 2008

Dada Kiden,

Barua yako niliipata, nikaisoma mara nne, nikaificha chini ya godoro pamoja na zile nyingine. Anayeutandika mkeka ule mdogo siku hizi ni mimi. Mama Biar alinipa kazi hiyo mwezi wa pili, nami sikuona chochote ndani yake.

Ijumaa walikuja watu wa sensa. Kijana mmoja mwenye kofia na msichana mwenye faili. Nilipeleka chai. Waliuliza majina, umri, tulitoka wapi. Kisha yule msichana akauliza kama nyumbani kuna mtu mwenye ulemavu.

"Hakuna," alisema Ami.

"Hata mmoja?"

"Dada, umeona watoto hawa? Wanaruka kuta. Andika hakuna."

Aluel alikuwa chumbani, ameambiwa aingie. Mlango ulikuwa wazi kidogo na nilimwona amekaa kitandani anasikiliza. Nami nimeshika birika. Yule msichana akaandika hakuna. Tulikuwa wawili, Kiden, na wote wawili tumeandikwa hakuna.

Jana Ami alisema nimletee fomu aisikie kabla ya kuitia sahihi. Unajua kazi yake ni karani. Wasiojua kusoma wanapoletewa karatasi ofisini, yeye ndiye huwasomea, na chini huandika kwa mkono wake, "Amesomewa akaelewa." Anajivunia sana jambo hilo. Husema hajawahi kuiandika kauli hiyo kwa uongo, hata alipoamriwa na wakubwa. Basi alikaa, akafumba macho ili asikie vizuri, nikamtafsiria sehemu moja moja. Nilipofika ya tano nilisema ni habari za uraia.

Akaitikia kwa kichwa. Atatia sahihi Jumapili moja, wino mzuri ukipatikana.

Erifazi hajaonekana. Vidonge vimebaki vinne. Tangu wiki ya pili ya mwezi nameza siku moja, naacha siku moja. Sijamwambia Aluel. Najua utauliza.

Nyanut


Kampala
12 Mei 2008

Nyanut,

Barua yako imechukua siku kumi na tano! Mvua imekata barabara mbele ya Nimule na basi la Erifazi limelala huko wiki mbili, na chai yako ndani yake. Nampa huyu dereva mwingine barua hii na pakiti nyingine. Usiache vidonge ghafla, wala usivigawe siku moja moja. Ukivikosa, nenda kliniki LEO. Acha aibu. Andika hata mstari mmoja niujue mwandiko wako.

Kiden


Malakia, Juba
14 Mei 2008

Dada Kiden,

Sijui kama barua yako yoyote iko njiani. Vidonge viliisha tarehe 5. Jumamosi, tarehe 10, niliangukia jikoni.

Nakumbuka nilikuwa nakoroga ugali wa asida, na Aluel alikuwa anachambua bamia mlangoni. Kilichofuata ni uso wa Mama Biar juu yangu na kelele. Sufuria ilikuwa imepinduka, makaa yametawanyika. Aluel alikuwa amelala chini kando yangu, mkono wake wa kushoto umeungua kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko. Alikuwa anasema kwa Kidinka, kwa sauti kubwa ambayo sijawahi kuisikia, "Ni mimi. Nilianguka. Nyanut alinishika nikamvuta, tukaanguka wote."

Kiden, hakuanguka. Alinivuta kutoka kwenye moto, akalala chini ili waamini.

Walinifunika khanga, wakanipa maji ya sukari, wakanisifu. Aluel wakampaka dawa ya meno kwenye kidonda, wakamgombeza. Mama Biar alilia akisema, "Khalas, imetosha, ataniulia mtoto wa watu." Wakakata shauri siku hiyo hiyo. Ng'ambo ya daraja, huko Gumbo, kuna mtu wa maombi anayekaa na watu wa kifafa. Wanalala uani kwake, wanafungwa miguu wasikimbie, mpaka mapepo yawatoke. Wengine wana miaka hapo. Aluel atapelekwa Jumapili hii, tarehe 18, baada ya chakula cha mchana.

Jumapili iliyopita Ami alitia sahihi. Wino wa bluu, mzuri sana. Alisema, "Umestahili, umemshika mwenzio." Sasa fomu ninayo. Ina kila kitu isipokuwa sehemu ya tano. Nikiandika "hapana" pale, neno moja tu, nitaituma na nitakuja kukaa nawe na kusoma mambo ya haki za watu.

Jana nilimuuliza Aluel kwa nini alifanya vile. Aliinua mabega. Alinitazama kana kwamba anasubiri nimwambie kitu.

Hata sasa, ninapoandika, anafunga nguo zake kwenye shuka. Ni chache. Sahani ameiweka juu.

Nifanye nini? Najua jibu lako haliwezi kufika kabla ya Jumapili. Nauliza tu.

Nyanut


Kampala
20 Mei 2008

Nyanut,

Imefika leo, Jumanne. Jumapili imepita.

Sikuambii ungefanya nini, kwa sababu umeshafanya, hili au lile. Kama Aluel yuko Gumbo, mama yangu yuko Rejaf, karibu na hapo. Nimemwandikia aende kumtafuta, na mama yangu akiingia uani kwa mtu hatoki mikono mitupu. Nenda naye ukamwonyeshe Aluel ni yupi.

Sijaenda darasani. Mtu yeyote aniambie kilichotokea. Yeyote.

Kiden


Malakia, Juba
25 Mei 2008

Kwa Dada Kiden,

Mimi ni Aluel. Unanijua kwa barua na mimi nakujua kwa barua. Nyanut amesema niandike mimi kwa sababu yeye akianza analia na karatasi inaharibika.

Shule ya Kakuma haikunikataa mara moja. Ilinikataa nikiwa darasa la nne. Kabla ya hapo nilikuwa wa pili kwa Kiswahili. Hapa hakuna mtu aliniuliza. Kwa hivyo barua zako zote chini ya godoro nilizisoma, Nyanut akienda sokoni. Unisamehe. Sikuwa na kitu kingine cha kusoma.

Ile ya tarehe tisa Aprili niliisoma, ile umeuliza kama Nyanut ameniambia kuna dawa. Hapo ndipo nilijua kuna dawa. Na nilijua ni kwa nini anaenda chooni na kikombe. Sikukasirika, ama nilikasirika kidogo. Nikasema nitangoja aniambie mwenyewe. Nilingoja karibu mwezi mmoja. Siku ya moto nilisema ni mimi kwa sababu kuanguka kwangu si habari mpya kwa mtu, lakini kwake ingekuwa habari mbaya. Sikujua watasema Gumbo. Ningejua, sijui ningefanya nini.

Jumapili watu walikula mapema. Alikuwepo Mwalimu Romano, rafiki ya Ami, anayekula kwetu kila Jumapili na kusifu mchuzi hata ukiwa na chumvi nyingi. Mimi sikufichwa kwa sababu nilikuwa naenda. Nyanut alitandika mkeka wangu. Alileta sahani yangu. Halafu hakurudi kwenye sinia. Alikaa kwangu, akamega kisra yangu, akachovya kwenye sahani yangu, akala.

Mama Biar akasema, "Nyanut! Toa mkono!"

Yeye akaendelea kutafuna. Mchuzi ulikuwa unamdondokea. Nilidhani ataongea, lakini unajua hawezi kuongea mbele ya watu. Akatoa fomu ndani ya nguo, akaenda, akampa Mwalimu Romano, akarudi kukaa. Mwalimu akavaa miwani. Akasoma kwa Kiingereza, halafu kwa Kiarabu, ile sehemu ya tano. Nyanut alikuwa ameijaza asubuhi, mistari yote mitatu. "Ndiyo. Nina kifafa tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu. Nimekula sinia moja na watu wa nyumba yetu tangu Januari na hakuna aliyeugua. Tarehe 10 Mei nilianguka motoni na Aluel aliniokoa."

Kuku alipita juu ya mkeka na hakuna aliyemfukuza.

Ami akauliza, "Na hiyo sahihi hapo chini ni ya nani?"

Mwalimu Romano akasema, "Ni yako, bwana. Nzuri sana." Na akacheka, peke yake.

Ami alichukua fomu, akaikunja, akaitia mfukoni, akatoka. Hakunawa hata mikono. Mimi nilikaa na mzigo wangu mpaka jua likashuka, nikingoja kupelekwa. Hakuna aliyekuja kunichukua. Nadhani hawakujua kama sasa ni kupeleka mmoja au wawili.

Usiku ule Nyanut aliniambia kuna dawa. Nikamwambia najua. Hapo ndipo alianza kulia, na hajamaliza.

Jumatatu tulienda kliniki. Nimepewa vidonge vyangu na dawa ya mkono. Pakiti yako ya chai ilifika pia. Mama Biar bado anatuogopa. Alienda Malakia sokoni akanunua sahani nyingine ya bati, ya bluu, na kikombe. Hakusema ni ya nani, aliiweka tu kando ya yangu. Sasa tuko wawili kwenye mkeka mdogo. Nyanut anakula polepole, anaangalia chini. Lakini Ijumaa alinyanyua kichwa akaomba chumvi, na akaletewa.

Ami hakusema naye siku tatu. Tuliogopa kwamba fomu ameichoma. Jumatano alimwita, akampa ile karatasi imekunjwa, akaenda kazini. Chini ya sahihi kuna mstari wa Kiarabu, mwandiko wa ofisi. Sisi hatusomi Kiarabu. Tulikaa nayo siku nzima, Nyanut anasema ameandika amekataa, ameandika aibu. Jioni nilichoka na uoga wake, nikaipeleka mwenyewe kwa mzee anayeuza magazeti. Alisoma, akaniuliza, "Huyu ni karani?" Nikasema ndiyo.

Imeandikwa: "Nimesomewa nikaelewa. Majak." Na sahihi tena, mara ya pili.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Nimeifunga mimi, na Erifazi nimemwambia yale ya vidole.

Mama yako alikuja kutoka Rejaf siku ya Ijumaa kunitafuta, amebeba fimbo. Alikula na sisi kwenye mkeka mdogo.

Nina swali moja. Hiyo kozi yenu, mtu wa darasa la nne akianza kurudi shule sasa, anaifikia akiwa na miaka mingapi? Nipigie hesabu.

Aluel